Gunzi ambalo sikuliona: uzoefu wangu na eksirei ya mbwa

Nilimpeleka mbwa wangu, Chui, kupigwa picha ya eksirei katika kliniki moja ya mifugo hapa Dar es Salaam baada ya kutapika kwa siku nne mfululizo, na niliingia mle nikiamini kwamba mashine ingetaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Haikufanya hivyo.

Mtaalamu wa kwanza, ambaye alitufuata nyumbani, alikuwa amempa dawa ya minyoo na sindano ya homa ya kupe bila hata kumpapasa tumbo. Daktari wa kliniki alianza na tumbo hilo hilo, akalibonyeza taratibu mpaka Chui akajikunja kwa maumivu, ndipo akaagiza picha.

Chui alikuwa amedhoofika kiasi kwamba hakuhitaji sindano ya kumtuliza. Mimi niliombwa nisubiri nje kwa sababu ya mionzi, na msaidizi aliyebaki kumshika alivaa aproni na glavu zenye madini ya risasi. Picha ya kwanza alipigwa akiwa amelala ubavu, na msaidizi alitaka kuishia hapo, lakini daktari alirudi akaamuru alazwe chali apigwe ya pili, kwa kuwa picha moja hulaza viungo vyote juu ya karatasi moja, na kilicho nyuma hufichwa na kilicho mbele. Uamuzi huo ninausifu. Nisichokisifu ni kwamba mapokezi walinitajia bei ya picha moja tu, kisha nikadaiwa ya mbili wakati wa kulipa.

Nilipooneshwa kompyuta, nilitafuta kitu cheupe chenye umbo la kueleweka, nikakikosa. Daktari alinieleza kwa subira kwamba mfupa, jiwe au sarafu huonekana vyeupe, hewa huonekana nyeusi, ilhali nyama na majimaji huwa na kijivu kinachokaribiana sana, kwa hiyo kitambaa, plastiki au mpira unaweza kukaa tumboni bila kujitokeza kabisa. Yeye hakuwa akitafuta kitu chenyewe, bali alichokuwa akikitazama ni utumbo: sehemu moja ilikuwa imevimba kwa hewa, na mbele yake utumbo ulikuwa mwembamba kama kawaida. Penye mpaka huo palikuwa na vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga kwa mistari.

“Mama Chui, nyumbani mmekula mahindi karibuni?” akaniuliza.

Nilikumbuka ndoo ya taka ya Jumamosi, tulipochoma mahindi uani. Vile vidoa vilikuwa hewa iliyonaswa katika vishimo vya gunzi, mahali punje zilipokuwa zimekaa. Hata hivyo hakutaka kutegemea picha peke yake. Alimpima kwa altrasaundi, akathibitisha kwamba utumbo umeziba, na jioni ile ile Chui akapasuliwa na kutolewa kipande cha gunzi chenye urefu wa kidole changu.

Nikiwa nasubiri, nilimsikia mwenye mbwa jike mwenye mimba akiambiwa arudi baadaye, kwa kuwa mifupa ya watoto haionekani vizuri kabla mimba haijafikisha siku 45 hivi. Kliniki ingeweza kuchukua fedha yake na kumpiga picha isiyo na faida. Jambo hilo lilinifanya niwaamini zaidi kuliko maelezo yaliyobandikwa ukutani.

Kasoro nyingine ni kwamba nilitumiwa kwa WhatsApp picha ya kompyuta iliyopigwa kwa simu, yenye mng’ao wa taa katikati, ambayo daktari mwingine asingeweza kuisoma. Faili halisi niliipata baada ya kuidai kwa siku mbili.

Nitarudi kwao Chui akihitaji tena. Safari hiyo nitauliza bei ya picha mbili kabla hajapandishwa mezani, na nitaanza maelezo yangu na ndoo ya taka.