Cha kununua kwanza ili kuku wa uani wasiliwe: mwongozo kwa mfugaji wa Nairobi

Hapa Nairobi mwewe ndiye anayelaumiwa kuliko wote kwa kuwa ndiye anayeonekana. Hushuka mchana kweupe, akapita chini chini nyuma ya paa la mabati, akanyoosha miguu na kunyakua kifaranga bila hata kutua. Mara nyingi humla angali hewani. Mwenye kuku akishuhudia hilo mara moja, kesho yake yuko dukani akitafuta neti ya kufunika juu. Neti inafungwa, mwewe anakoma, halafu asubuhi moja tetea wawili wanakutwa hawana vichwa, kwa sababu chini ya mlango kulikuwa na pengo la kupitisha ngumi.

Kwa hiyo nimepanga vitu hivi kwa kufuata hasara inakotoka, kuanzia kile kinachostahili shilingi yako ya kwanza hadi kile usichopaswa kununua hata ukipewa bure.

Lakini kabla ya kutoa pesa, soma alama. Kifaranga akitoweka mchana bila kuacha unyoya, shuku mwewe au kunguru. Ukikuta manyoya yamenyonyolewa yakatawanyika na nyama imeliwa papo hapo, amepita kipanga, hasa kama unakaa karibu na mikaratusi ya Karura, Karen au msitu wa Ngong Road. Kipanga huyo mkubwa, mweusi mgongoni, hupenya katikati ya miti kwa kasi na anaweza kumuua kuku anayeanza kukua. Mwewe hamwezi tetea mzima: yeye mwenyewe ana uzito wa kilo moja hivi au pungufu, na tetea wako ana mbili. Kuku kadhaa wakiuawa usiku mmoja na kuachwa bila kuliwa, hiyo ni kazi ya mbwa koko, au ya kanu, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa anayefanana na paka, aliyeingia ndani na kuwakuta wamebanana. Mguu ukivutwa na kukatwa kupitia kwenye waya, ni paka, kanu au panya. Mayai yakitobolewa mchana, ni kunguru au nguchiro.

Mahali unapoishi pia panahesabika. Walio jirani na machinjio ya Dagoretti na Kiamaiko, soko la Burma au jaa la Dandora wana mwewe mwaka mzima, maana chakula kiko pale. Kati ya Oktoba na Machi idadi hupanda kila mahali, kwa kuwa mwewe wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hujiunga na wa hapa.

Nafasi ya kwanza: waya wa matundu ya nusu inchi

Huu ndio wa kuzungushia sehemu ya chini ya uwanja wa kuku, na wa kuziba madirisha ya banda lao la usiku. Dukani uitishe waya wa kuchomelewa, ambao wauzaji huuita weldmesh, wenye matundu ya nusu inchi. Waya wa kuanikia kahawa nao hufaa, mradi matundu yake ni madogo na uzi wake si mwembamba kama wa kushonea.

Watu wengi huuliza bei ya mita na kusahau kuuliza tundu. Hapo ndipo pesa hupotea. Unachonunua ni ukubwa wa tundu na unene wa uzi, basi. Chomeka kidole gumba kwenye tundu: kikipita, panya mdogo atapita, na nyoka pia. Kisha shika kipande cha pembeni ukikunje mara kadhaa. Uzi mzuri hukataa mkono wako, ule dhaifu hukunjika kama karatasi ya sigara. Kuhusu geji, kumbuka namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba, yaani geji 16 ni nene kuliko geji 20. Ukiwa na roli mbili za urefu, upana na tundu sawa, zinyanyue zote mbili na uchukue ile nzito. Angalia pia maungio: zinki ikiwa imeyafunika vizuri, waya ulichovywa baada ya kuchomelewa na utakawia kushika kutu. Maungio yaliyoungua na kubaki meusi yataanza kutoa kutu mvua za masika zikianza.

Usichanganye huu na BRC, ule waya wa kuwekwa kwenye zege. Nimeona ploti za Utawala na Ruai zimezungushiwa BRC kwa ajili ya kuku, na tundu lake linapitisha paka bila kumgusa masharubu.

Nafasi ya pili: kizimba cha vifaranga

Ukifuga kienyeji, vifaranga ndio wengi wanaopotea, na wiki nane za kwanza ndizo za hatari kubwa. Kwa hiyo kizimba kidogo chenye paa la waya kinakuja kabla ya kuzungushia uwanja mzima. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji au Kariobangi watakutengenezea cha fremu ya chuma ukiwapa vipimo. Seremala wa mtaani atakitengeneza kwa mbao. Kiwe kimefunikwa juu na pande zote, chepesi kiasi cha kuhamishwa na mtu mmoja au wawili, na mama yao aingie pamoja nao. Funika kipande kimoja cha kizimba kwa gunia au bati ili wapate kivuli na mahali pa kujificha.

Tenga la kawaida la kubebea kuku linasaidia kwa saa chache za mchana, lakini lisiachwe nje usiku. Mbwa hulipindua kwa pua.

Nafasi ya tatu: waya wa kuku

Ule wa matundu ya pembe sita. Ni wa bei nafuu, mwepesi, na hufanya vizuri kazi ya kuwazuia kuku wasitoke na mwewe wasiingie. Kumzuia mbwa ndiko kunakoushinda. Mbwa aliyedhamiria hung'ata, huvuta, na uzi unaachana. Ndiyo maana nafasi yake ni juu: nusu ya juu ya ukuta na paa.

Hebu tuchukue uwanja wa mita 3 kwa 4, unaotosha kuku kumi na wawili hivi, wenye kimo cha mita 2. Mzunguko wake ni mita 14. Roli ya upana wa futi 4 ni kama mita 1.2. Mstari wa chini utumie waya wa nusu inchi: sentimita 40 za kwanza zikunjwe zilale juu ya ardhi kwa nje kama sketi, kisha sentimita 80 zipande ukutani. Mstari wa pili, wa waya wa kuku, unamalizia mita 1.2 zilizobaki. Paa linahitaji vipande vinne vya mita 3, yaani mita 12. Jumla ya waya wa kuku ni mita 26, ambazo roli moja ya mita 30 inazitosha, na waya wa nusu inchi ni mita 14, takriban nusu ya roli kama hiyo. Roli ifunguliwe na ipimwe mbele yako kabla hujalipa.

Ile sketi ya chini usiiache kwa kubana matumizi. Mbwa na nguchiro huchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Wakikuta waya chini ya kucha zao, hawana akili ya kurudi nyuma nusu mita na kuanzia hapo. Iwekee mawe, majani yatamea juu yake na hutaiona tena. Kumbuka pia misumari ya U na waya wa kufungia katika bajeti. Waya mzuri uliopigiliwa kwa misumari michache iliyokunjwa huachia pembeni, na pembeni ndiko wanakoingilia.

Nafasi ya nne: neti ya juu

Kama eneo ni kubwa na waya wa paa umekushinda bei, neti inakubalika kwa kuzuia ndege peke yao. Neti ya kivuli kutoka duka la pembejeo ina faida ya kupunguza jua, na inapunguza kinyesi cha ndege wa porini kinachoangukia maji na chakula, jambo lenye maana panapokuwa na hofu ya ugonjwa wa kideri. Ubaya wake ni uzito wa takataka. Jacaranda zikipukutika Oktoba na Novemba, neti yenye matundu madogo hujaa maua, mvua ikaloweka, ikainama hadi kichwani mwa kuku. Ifungie kamba katikati na uikung'ute. Neti ya nailoni yenye matundu makubwa hupitisha maua, lakini chagua yenye uzi mnene unaoonekana, kwani ile nyembamba kama nywele huwanasa bundi na ndege wengine wakafa humo. Chandarua cha mbu kilichochakaa kitamzuia kunguru kwa msimu mmoja, si zaidi.

Mlango na komeo

Hiki sikukipa nafasi kwa sababu kinahitajika kwa kila chaguo. Nunua komeo la chuma linaloteleza na kufuli juu yake. Kulabu ya waya paka huitikisa hadi ifunguke, na Nairobi kuna mwizi wa miguu miwili pia. Kuhusu milango ya kujifunga yenyewe inayouzwa mtandaoni, sioni haja yake hapa. Ilibuniwa kwa nchi ambazo machweo hubadilika kwa saa nyingi kati ya kiangazi na baridi. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo kengele ya simu inatosha, mradi mtu ainuke kweli na ahesabu kuku kabla ya kufunga.

Nafasi ya tano: mlinzi mwenye uhai

Mbwa aliyelelewa pamoja na kuku tangu akiwa mdogo ni msaada mkubwa dhidi ya mbwa koko na wezi. Mbwa mkubwa aliyenunuliwa juzi ni hatari mpya ndani ya ua. Bata bukini na kanga hupiga kelele wakiona mwewe au mgeni, lakini kwenye ploti iliyobanana majirani watakuja kwako kabla ya mwezi kuisha. Jogoo hodari huwaonya wenzake, nao hukimbilia kivulini. Mpandie vichaka viwili vitatu apate pa kuwapeleka.

Nafasi ya sita: vya kung'aa

CD kuukuu, sanamu, taa za sola za Luthuli Avenue. Mwewe huzoea CD kwa siku chache tu. Taa ina thamani kwa kumfichua mwizi, na kwa kukuwezesha wewe kuona saa nane usiku kuku wanapopiga kelele.

Siafu hawazuiliwi na chochote kati ya hivi. Mvua zinapoanza, inua kizimba cha vifaranga kwenye miguu, kila mguu usimame ndani ya kopo la oili chafu, na majani yasiguse ukuta.

Usinunue sumu

Naomba hili lisikilizwe. Nyama yenye sumu ikiwekwa kwa ajili ya mwewe au kanu, wa kwanza kuila huwa mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuishika. Kabofurani, dawa ya wadudu wa shambani, ilitumika vibaya nchini hadi mtengenezaji wake akaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009 baada ya simba na tumbusi kuuawa nayo. Kuua wanyamapori kwa sumu kunaweza kukufikisha mahakamani chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Hata sumu ya panya ina gharama: bundi akila panya aliyeinywa naye hufa, na bundi ndiye anayekupunguzia panya wanaokula vifaranga wako. Kama uko Lang'ata au Karen kando ya mbuga na umeona nyayo za chui, walaze kuku ndani ya ukuta wa mawe na uipigie simu KWS, Huduma ya Wanyamapori ya Kenya.

Mfuko ukiruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua mita chache za waya wa nusu inchi na komeo. Ziba madirisha na pengo la chini ya mlango wa banda la usiku. Mwezi ujao tengeneza kizimba cha vifaranga. Uwanja na paa lake vifuate baadaye, na kwa sasa wafungulie kuku wakubwa saa ambazo kuna mtu uani.