Bafa za kurekebishia kipima pH: ya 7 safi, ya 10 imenitibua

Nianze na yule mhudumu wa simu wa kampuni inayouza bafa hizi, maana ndiye aliyenifanya niandike. Kwa mgeni: pH ni namba ya uasidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alikali; bafa ni kimiminika chenye pH inayojulikana, kisichoyumba kirahisi, unachorekebishia kipima pH. Nimemweleza kwa upole kabisa kwamba chupa yao ya pH 10 inasoma 9.8 na inazidi kushuka. Jibu lake: "Ndugu mteja, bafa haibadiliki. Angalia kifaa chako." Kisha kimya, ananisubiri nikate simu.

Haibadiliki! Mtu anashinda anauza bafa na hajui anauza nini.

Kifaa changu ni kizima. Nilikirekebisha kwa chupa za 4 na 7 za hao hao, nikasuuza elektrodi (kile kijiti cha kupimia), nikaichovya kwenye bafa ya 10 ya unga kutoka kwa watengenezaji wengine, niliyoikoroga muda huo huo. Ikasoma 10.0 bila kusita. Nikairudisha kwenye chupa yao: 9.8.

Nilipomwambia hayo akahamia kwenye joto, eti labda chumba changu kina joto sana. Hapo ndipo nilipochemka mimi. Jedwali limebandikwa kwenye chupa yao wenyewe: nyuzi 10 ni 10.18, nyuzi 25 ni 10.01, na ili ishuke hadi 9.83 lazima ifike nyuzi 50. Nyuzi 50, jamani! Mimi naiweka kabatini, siipiki.

Bafa hii ya 10 ni ya chumvi mbili, kaboneti na baikaboneti, na adui yake ni hewa. Kaboni dayoksaidi ikiingia huyeyuka na kuwa asidi hafifu, kaboneti inaidaka na kugeuka baikaboneti. Mpaka hapo bafa inafanya kazi yake, ndiyo maana pH inateleza polepole badala ya kuporomoka. Lakini kinachoishikilia pH mahali pake ni uwiano wa hao wawili, na kila kaboneti inayotumika imekwenda, hairudi. Hewa ikinyemelea kwa muda mrefu, namba itahama tu. Bafa hupunguza mabadiliko, haiyafuti.

Na hewa ilipitia wapi? Kwenye kizibo. Chupa ilinifikia kizibo kimelegea, shingoni kuna utando mweupe wa chumvi iliyokauka. Nilimtajia hilo pia. Akasema atalifikisha panapohusika. Hizi ni wiki kadhaa sasa na huko panapohusika hakuna aliyenitafuta.

Nilitaka kutoa nyota moja niondoke zangu. Kinachonizuia ni chupa ya 7, na inaniudhi kwamba ni nzuri kiasi hiki. Kwa hasira zangu nilidhamiria kuwaumbua: mililita 100 za bafa yao kwenye bika moja, mililita 100 za maji yaliyokenekwa kwenye nyingine, kila moja nikaitia mililita moja ya asidi hidrokloriki ya 0.1 M. Maji yakashuka moja kwa moja hadi karibu na 3. Bafa? Ilishuka sehemu chache tu za mia moja za pH, namba za baada ya nukta zikacheza kidogo zikatulia. Nikachukua bafa mpya nikatia sodiamu haidroksaidi, ambayo ni besi (kinyume cha asidi), mambo yakawa yale yale kwa upande wa juu. Mle ndani kuna fosfati mbili: moja imebeba haidrojeni na huitoa pale besi inapoingia, nyingine ina nafasi ya kuipokea asidi ikija, kama godoro linavyopokea ngumi. Nikaendelea kumimina asidi kwa ukaidi mpaka ile fosfati ya kupokea ikakaribia kwisha, na hapo pH ikaanguka kweli kweli. Hata ilivyoshindwa ilinipendeza.

Basi nyota nne? Kwa chupa ya 7 peke yake, ndiyo, na ya 4 sina neno nayo. Lakini bafa ya kurekebishia kifaa ikikudanganya, vipimo vyote vya alikali unavyochukua baada yake ni uongo, na kampuni inakuambia kosa ni lako. Nyota mbili. Sawa, mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya fosfati, si yao.

Ya 10 tafuteni ya vifuko vidogo vya kutumia mara moja, au ya unga. Ikibidi kununua ya chupa, fungueni kizibo pale mnapomimina tu, na hicho mlichopimia msikirudishe chupani.