Uzoefu wangu na huduma ya kusoma hati: mwaka wa pili sasa

Naandika programu katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Ganjoni, Mombasa. Meli ikitia nanga Kilindini, karani wetu huskani rundo la ankara na hati za shehena, nazo hupelekwa kwa API (mlango ambao programu moja hutumia kuomba kazi kwa nyingine) ya huduma fulani inayozisoma na kurudisha maandishi.

Mwanzoni ilikuwa adha. Ukituma ombi, muunganisho hubaki wazi mpaka kazi iishe. Faili ya kurasa 3 haina neno. Ya kurasa 90 ndiyo shida: Nginx yetu, yaani programu ya seva inayopitisha maombi, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikaa sekunde 60 bila kupata kitu hukata na kutoa 504, msimbo wa kosa la jibu kuchelewa. "Mwanangu, imekwama tena," karani huniita, kisha anabonyeza upya, na kumbe kule kazi ya kwanza bado inaendelea. Hati moja ilisomwa mara tatu, tukatozwa mara tatu.

Toleo jipya la huduma hujibu msimbo 202 papo hapo: ombi limepokewa, kazi bado, na anwani ya kuifuatilia hii hapa. Aliyewahi kuunganisha M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, anaujua mwendo huu. Karani nilimweleza kwa mfano wa fundi wa kanzu wiki ya Idi: unapewa namba, unakwenda zako. Nimependa pia kichwa cha Retry-After (maelezo yanayotangulia jibu), maana seva yenyewe husema turudi baada ya sekunde ngapi. Zamani nilikuwa nagonga kila sekunde.

Lakini 202 peke yake haitoshi, na hapa ndipo walipofikiri sawasawa. Mtandao ukikatika kabla jibu halijakufikia, huna namba mkononi, na utatuma tena tu. Kwa hiyo kila ombi tunalibandika ufunguo wetu wa kipekee. Likirudiwa na ufunguo ule ule, tunapewa kazi ile ile ya kwanza. Tangu hapo hatujatozwa mara mbili.

Nyota moja nawakata kwa sababu ya webhuki, yaani ujumbe ambao huduma hututumia yenyewe bila sisi kuuliza. Taarifa ya kazi kumalizika huitupa mara moja tu. Umeme ukiwa umepotea ofisini, imepotea nayo. Nimewaandikia wawe wanarudia. Kwa sasa, kila saa sita usiku programu yangu hupitia namba zote zisizo na majibu na kuziulizia moja moja.