Kukimbia asubuhi: Capri Point au msitu wa Rubya?

Capri Point ina urahisi wake: unatoka Mwanza mjini kwa miguu, unakimbia kwenye lami, kilima chenye mawe makubwa kinakupima pumzi huku ziwa likionekana chini. Ila ukizunguka mara mbili, umemaliza.

Rubya, kisiwani Ukerewe, inadai safari. Kivuko hadi Nansio huchukua takribani saa 3. Lakini msituni unakanyaga udongo na majani makavu, magoti hayaumi jioni, na kivuli kipo hata jua likishapanda. Mvua ikinyesha njia huteleza. Vaa raba zenye meno. Kote huku ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgeni kutoka Dar atahema mapema. Mimi nikipata wikiendi nzima, napanda kivuko.