Lara wa 1996 au Lara wa 2013?

Kwenye mabanda ya gemu ya Dodoma mpira ndio unaotawala, lakini akitajwa Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu ya Tomb Raider, ubishi huwaka: yupi kachorwa vizuri zaidi, wa zamani au wa sasa?

Lara wa Tomb Raider ya 1996, kazi ya Core Design ya Uingereza, ana kifua kilichotiwa chumvi, kiuno cha nyigu na kaptura fupi hata kwenye mapango ya Peru yenye theluji. (Baridi ya Julai hapa kwetu tu ingemshinda!) Wanaomtetea wanasema hana woga na hasubiri mwanamume amwokoe. Kweli kabisa, ila matangazo yalimuuza kama pambo.

Yule wa 2013, wa Crystal Dynamics ya Marekani, amevaa suruali na fulana iliyochakaa, kashika upinde, na hadithi yake iliongozwa na mwandishi mwanamke, Rhianna Pratchett. Mwili wake unaaminika. Kinachonikera ni mateso: anatobolewa, anaanguka, analia, mpaka unahisi maumivu ndiyo maonyesho mapya. Mimi namchukua huyu kwa umbo, wa zamani kwa jeuri yake.

Na anayedhani kosa la kuwachora wanawake kama pambo ni la wachoraji wanaume tu, ajue kuwa Bayonetta, shujaa wa kike wa gemu ya 2009 yenye jina hilohilo, mwenye madaha kupita wote, alibuniwa na Mari Shimazaki, mwanamke.