Jordan 4 Kutoka Marekani: Kiatu Safi, Ila Hii Katoni Inakula Pesa Zenu

Karibuni tena wapenzi wa raba, hapa ni Nairobi na mezani leo kuna Jordan 4 Bred Reimagined ya Nike, ile nyeusi na nyekundu iliyotoka tarehe 17 Februari 2024 kwa dola 215. Umbo mnalijua tangu 1989, rangi mnazijua, kwa hiyo yale mabawa ya plastiki ya kamba nayaruka. Kuna kitu kimoja cha kuwaonyesha kwenye kiatu, halafu tuje kwa kinachoniudhi, nacho kiko chini ya meza.

Kwanza ngozi. Bred za awali, hata ile ya 2019, zilikuwa za nubuki, ile yenye manyoya mafupi. Hii ni ngozi laini. Tazameni, napaka tope jekundu hapa kwenye kidole, naliacha likauke kidogo, napitisha kitambaa chenye maji. Limetoka lote. Nubuki ingelinywa hilo vumbi na ungebaki na alama ya kahawia hadi utafute brashi na dawa yake. Wapo wanaosema hii si Bred ya kweli kwa sababu nyenzo imebadilishwa, na ninawaelewa. Lakini kwa mtu anayeshuka matatu Rongai siku ya mvua, hili ni badiliko zuri kuliko yote waliyofanya.

Mbele panabana. Mguu mpana, ongeza nusu saizi. Na tafadhali agizeni kwa sentimita. Nike ya wanaume US 10 ni UK 9, EU 44, sentimita 28. New Balance US 10 ni UK 9.5, na adidas pia ni UK 9.5. Ukizoea UK 9 ya Nike kisha uagize UK 9 ya New Balance kutoka duka la Uingereza, umepunguza nusu saizi bila kujua, na hakuna kurudisha kiatu kutoka Nairobi kwa bei ya maana.

Haya, katoni. Naileta juu ya meza. Hivi ndivyo duka linavyotuma: boksi la Jordan ndani ya katoni kubwa, pembeni hewa tupu na karatasi za kujazia. Mzani unasema kilo 2 kamili, kila kitu. Unajiambia utalipia kilo mbili. La. Mzigo wa ndege unatozwa kwa uzito ulio mkubwa kati ya huu wa mzani na uzito wa ujazo. Nachukua futi: urefu sentimita 45, upana 35, kimo 25. Zidisha, unapata 39,375. Gawanya kwa 5,000, kigawanyo cha wasafirishaji. Inakuja kilo 7.9, na wengi wanapandisha hadi nusu kilo inayofuata, kwa hiyo 8. Tuseme ajenti wa mizigo anatoza dola 14 kwa kilo: dola 112. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni shilingi 14,448 kusafirisha kiatu cha 27,735.

Sasa natoa katoni, nabaki na boksi la kiatu peke yake. 35 kwa 24 kwa 14. Ni 11,760, gawanya kwa 5,000, kilo 2.35, yaani 2.5. Dola 35, shilingi 4,515. Kiatu ni kilekile, boksi ni lilelile. Tofauti ni karibu shilingi elfu kumi, na zote zimelipia hewa! Hili linanikasirisha kwa sababu mtu analaumu bei ya raba, kumbe raba haina kosa.

Kuna wanaosema basi tupa na boksi lenyewe, kiatu kije kwenye mfuko. Tupime. Viatu viwili vimelazwa kichwa kwa mkia kwenye mfuko, 32 kwa 22 kwa 12, inakuja kilo 1.69, unatozwa 2. Umeokoa dola 7, kama shilingi 900. Na ukitaka kukiuza baadaye, mnunuzi wa Jordan anaanza kwa kuuliza boksi liko wapi, lebo ya saizi inalingana na ile ya ndani ya ulimi wa kiatu au la. Msitupe boksi kwa sababu ya shilingi 900.

Angalieni na hili. Nimezungusha boksi kwa plastiki ya vipovu, sentimita moja kila upande, si nyingi. Limekuwa 37 kwa 26 kwa 16. Kilo 3.08, inapanda hadi 3.5. Kile kisentimita kimoja kimekula kilo nzima, dola 14. Kwa hiyo maagizo kwa ghala, yaani pale ajenti anapopokea mzigo wako Marekani, yawe hivi: toa katoni ya nje, funga boksi kwa karatasi ngumu ya kaki tabaka moja, kona nne ziwekewe kipande cha kadibodi, tepu, basi. Agizo hilo liandikwe kabla mzigo haujafika ghalani, maana ukishapimwa na kuingizwa kwenye orodha ya ndege hawaugusi tena. Omba picha ya futi juu ya mzigo. Na uliza wanagawanya kwa 5,000 au 6,000, kwa sababu katoni ileile kwa 6,000 ni kilo 6.6.

Swali lingine: bei hiyo kwa kilo ina forodha ndani au haina? Maajenti wengi wa hapa wanaiweka ndani. Ukiletewa na kampuni ya vifurushi moja kwa moja, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16 juu ya bei ikiwa na ushuru, kuna IDF (ada ya tamko la uagizaji) na RDL (tozo ya reli), na ada ya kutoa mzigo. Usimwombe mtu aandike kiatu ni cha dola 40. KRA, mamlaka ya mapato, wanaweza kukithamini upya, na kikipotea njiani, fidia inafuata hizo 40.



Kwenye kununua. SNKRS, programu ya Nike ya kuuzia raba mpya, hufungua saa nne asubuhi ya New York. Kwetu ni saa kumi na moja jioni, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi ni saa kumi na mbili. Anwani ya ghala ikiwa Delaware hakuna kodi ya mauzo, na New Jersey haitozi nguo wala viatu. Ghala la California linakuongezea zaidi ya dola 15 kwenye kiatu hiki. Namba yako ya mteja iende mstari wa pili wa anwani na tena kando ya jina, la sivyo mzigo unakaa kwenye rafu ya wasiojulikana.

Shida ya ghala ni kwamba watu mia wanatumia anwani moja. Maduka ya droo, yanayochagua wanunuzi kwa bahati nasibu, huchuja anwani zinazojirudia, na mengine hukataa maghala kabisa, oda inafutwa baada ya siku moja. Maduka ya Ulaya yanayotuma Kenya yenyewe ni njia safi zaidi, na mengi yanakuondolea VAT yao ukichagua Kenya. Ukitumia kadi ya Visa ya M-Pesa, kumbukeni CVV yake, zile namba tatu za usalama, hudumu muda mfupi, na droo inaweza kukata pesa saa nyingi baadaye. Pesa zikae mle hadi matokeo yatoke.

Mmoja wenu ameuliza kuhusu Bred ya 2012 inayouzwa mtandaoni, haijavaliwa, bei ya chini. Soli ya kati ya Jordan 4 ni ya poliurethani, povu la plastiki. Unyevu wa hewa huivunja polepole hata ikiwa ndani ya boksi, na isiyovaliwa haina nafuu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kisigino: ikiacha shimo au ikitoa unga, hiyo ni ya kabatini. Muuzaji akikataa kutuma video ya kidole gumba, achaneni naye. Alhamisi ijayo nitaikata moja katikati muone ndani inavyokuwa.