Riwaya tatu nilizosoma nyumba ikiwa kimya

Mwaka jana baba na dada yangu walinuniana miezi saba kwa sababu ya mchumba. Nyumba ilipoa mpaka kijiko kikigonga sahani unakisikia chumbani. Ndipo nilipozisoma riwaya hizi, na mwenye nyumba ya namna hiyo namshauri aanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi.

Ilitoka mwaka 1971 na kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, hivyo wengi huifungua wakitafuta mambo ya aibu. Mimi nilimkuta baba. Zakaria wa Ukerewe ni mlevi, anampiga mkewe Regina, na bado anajiona ndiye mlinzi wa heshima ya Rosa. Barua moja ya kijana Charles inatosha kumfanya amcharaze binti vibaya. Rosa anapokwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ile, hajui amtazameje mwanamume, kwa kuwa nyumbani hakufundishwa, alitishwa tu. Kezilahabi hamtetei Zakaria wala hamsafishi Rosa. Anasema jambo zito kwa sentensi fupi, kisha anapita. Mara mbili niliweka kitabu chini nikatoka nje. Mwisho wake unauma sana. Aliyefiwa karibuni asubiri.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inaingia nyumba nyingine iliyofungwa. Bwana Maksuudi anahangaika na siasa huko nje, bintiye Maimuna haruhusiwi kuvuka kizingiti. Anayekuja kuitikisa nyumba ile ni mkunga, Bi Farashuu, mwenye kisasi cha siku nyingi. Kiswahili cha riwaya hii ni cha pwani hasa, kitamu; sisi wa bara tutafungua kamusi mara kadhaa na hatutajuta. Ila visa vinakutana mno, kila anayetokea ana deni la zamani na mwenzake. Nakala yangu, niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, ilikosa kurasa kumi na mbili. Kagueni kabla ya kulipa.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni nyepesi zaidi kusomeka. Yasmin ana miaka 15 tu anapoozwa Bwana Raza, mtu wa rika la baba yake. Anapotoroka ndoa ile na jamaa zake wakamkataa, anayempokea ni Mwajuma, shoga yake. Urafiki wao niliupenda kuliko mapenzi yote yaliyomo. Baadaye harakati za kupinga ukoloni Zanzibar zinachukua nafasi kubwa, na aliyefuata habari za ndoa peke yake huenda akachoka.

Mama macho yamepungua nguvu, kwa hiyo Rosa Mistika nilimsomea jioni kwa sauti. Tulipofika pale pa barua akanishika mkono, "Ishia hapo, mwanangu." Baba alikuwa barazani, hakusema kitu. Kesho yake, nikiwa naosha vyombo, akaniita: "Yule binti aliyepigwa, ikawaje?"